Prado ya 1997 inagonga kwa nyuma, kuna siku kimya kabisa. Mafundi wamenichoka, msaada wakuu

Zabibu_Chungu
Mbukwa wakuu. Naombeni akili zenu maana zangu zimeisha. Nina Prado ya 1997, ile KZJ95 milango mitano, injini 1KZ dizeli, gia auto. Injini haina shida, inawaka vizuri asubuhi hata na baridi hii ya mwezi wa saba, haichemshi, haili oili. Shida ni mlio mmoja tu huko nyuma, au naamini ni nyuma maana kuna siku nausikia kama uko chini ya kiti changu. Ni kugonga kuzito, ngo, alafu kimya, alafu ngo ngo, kimya tena. Unatokea njia ya vumbi, huku mtaani Nzuguni, Dodoma, na ile njia ya kwenda shamba upande wa Hombolo, kwenye lami sisikii kitu labda nikivuka tuta vibaya.

Sasa kinachoniua ni kwamba kuna siku haupo. Njia ile ile, mashimo yale yale, spidi ile ile, kimya. Nikiipeleka gereji ndo kabisa, gari inakuwa na adabu, tunazunguka na fundi mtaa mzima anabaki kuniangalia mimi badala ya kuangalia gari. Mpaka sasa zimebadilishwa shokapu za nyuma, linki za mbele za stebilaiza (ile fimbo ya chuma inayozuia gari kulala kwenye kona) na bushi za nyuma chache, vile vipira vya kwenye maungio, kila fundi anataja kitu chake kwa uhakika kabisa. Nikitoka gereji siku za mwanzo raha, nashukuru Mungu, alafu unarudi. Nawasilisha.

Spana 14
Mkuu kabla ya yote tambaa chini uangalie boljointi za chini za mbele, yale maungio ya duara yanayoshika gurudumu. Najua umesema nyuma ila sauti kwenye gari ya chesesi (fremu ya chuma chini ya bodi) inasafiri, unaweza kuisikia nyuma kumbe iko mbele. Hizo boljointi kwenye familia hiyo ya Prado na Surf zinajulikana, ikichoka haikupi notisi ndefu, inachomoka gurudumu linalala chini. Ukiwa mjini unakula aibu tu, ukiwa unashuka spidi 100 njia ya Morogoro ni habari nyingine. Piga jeki chini ya mkono wa chini gurudumu liachane na ardhi kidogo, chukua mtaimbo upitishe chini ya tairi unyanyue taratibu, mwenzio aangalie kama kuna mchezo pale kwenye jointi. Mchezo ukiwepo usijadili, badilisha.

injinia wa mtaa
Bushi za bodi hizo. Prado zote za zamani. Nenda kabadilishe zote uje ushukuru.

Mama Noah
@injinia wa mtaa wewe kila uzi ni bushi za bodi. Juzi mtu kauliza AC haipozi ukasema bushi za bodi 😂😂

injinia wa mtaa
Ile ilikuwa utani dada. Hii sio utani.

dizeli_tu
Zabibu tuambie hiki: ukiwa unagonga, ukigusa breki kidogo tu, sio kusimama, kugusa, mlio unabaki au unakata? Ukikata basi ni pedi zinacheza kwenye kalipa, vile viklipu vya kushikilia pedi mafundi wetu wakibadilisha pedi huwa wanavitupa wanasema havina kazi. Alafu ukiwa kwenye mteremko weka nyutro uache gari iserereke. Mlio ukiendelea wakati injini imeshuka silensa, yani inanguruma chini bila kukanyaga mafuta, basi achana na injini, maunting na kapi za belti, tafuta magurudumu na vilivyoning'inia chini.

Zabibu_Chungu
Spana 14 ahsante sana, boljointi nimeangalia leo na kijana wangu, zimekaza hakuna mchezo, mipira yake haijapasuka. Nilikuwa na wasiwasi kweli maana wife ndo anaiendesha kwenda Mtumba kazini.

dizeli_tu breki nimejaribu, haibadilishi kitu. Nyutro pia mlio upo. Kwahiyo injini tuitoe kwenye orodha.

Mtu wa Kondoa
Mimi yangu ilikuwa propela shafti, lile bomba refu linalozunguka kupeleka nguvu nyuma. Ukisimama kwenye taa alafu ukiondoka inapiga DU kama mtu kakugonga nyuma. Ile sehemu propela inapoingia na kutoka ikikauka grisi ndo hufanya hivyo, nilipiga grisi kwenye yale matundu yake na za kwenye krosi ikaisha siku hiyo hiyo. Watu wengi wanaosha gari kila wiki kwa presha mpaka chini alafu grisi hawapigi mwaka mzima, na vumbi letu hili la Dodoma ukichanganya na maji ya car wash unapata msasa.

Spana 14
Hiyo ya propela inakuja ukiondoka au ukisimama au ukihama D kwenda R. Ya mwenzetu inakuja kwenye mashimo. Ni vitu viwili tofauti ila kupiga grisi hakuna hasara, apige tu.

Zabibu fanya hivi. Tafuta tuta lile la mtaani la udongo, lipitie taratibu matairi yote mawili ya mbele kwa pamoja, alafu ya nyuma kwa pamoja. Usikilize. Ukirudi pitisha upande mmoja tu, kulia peke yake, alafu kushoto peke yake. Stebilaiza haifanyi kazi magurudumu mawili yakinyanyuka kwa pamoja, inajikunja pale moja likiwa juu na lingine chini. Kwahiyo ikigonga upande mmoja mmoja tu na sio kwa pamoja, ni linki au bushi za stebilaiza. Ukitaka uhakika zaidi fungua linki zote mbili, zifunge pembeni na waya, zunguka mtaani polepole sana, mlio ukipotea umempata. Usiingie nayo barabara kuu hivyo, gari inalala kwenye kona.

kibaigwa_kwetu
Kuna jamaa hapa kijiweni alihangaika na mlio mwezi mzima kumbe spana ya magurudumu ilikuwa inatembea ndani ya ile sehemu ya pembeni kwenye buti. Toa kila kitu ndani ya gari mkuu. Kila kitu. Jeki, spana, chupa za maji, viatu vya shamba. Na hiyo Prado si spea tairi iko mlango wa nyuma? Shika ile tairi itikise kwa nguvu. Mlango wa nyuma ukichoka bawaba kwa uzito wa tairi unagonga kwenye kitasa na ukiwa umekaa mbele utaapa ni shokapu.

Zabibu_Chungu
Nimefanya yote wakuu, Jumamosi nzima imeisha hapo. Gari nimeacha tupu kabisa. Spea tairi nimeifungua nikaiweka sebuleni 😅 mlango nimebandika vipande vya mpira. Tuta la pamoja, tuta la upande mmoja, grisi. Mnajua nini kilitokea? HAIKUGONGA. Wala mara moja. Jumatano na Alhamisi ilikuwa inapiga ngoma ya Kigogo huko nyuma, leo nimejiandaa kwa vita, kimya. Nimeenda mpaka njia ya shamba makusudi nikarudi.

Mama Noah
Hahaha inakuogopa wewe na hiyo spana.

dizeli_tu
Labda spea tairi ndo ilikuwa yenyewe. Usirudishe kwanza, tembea bila hiyo siku kadhaa.

Zabibu_Chungu
Jibu limekuja mapema mkuu. Siku chache bila spea tairi, jana jioni narudi, ngo. Tairi liko sebuleni na watoto wamelifanya kiti.

MzeeWaDifu
Nimesoma tangu juu, nimekaa kimya kwa sababu vijana mnasema mambo mazuri. Ila mnatafuta kifaa, na mimi nadhani tungetafuta kwanza siku. Kijana anasema kuna siku mlio upo na kuna siku haupo. Kifaa kilichochoka hakipumziki Jumamosi. Bushi ikifa imekufa, itagonga leo na kesho kwenye shimo lile lile. Kitu kinachogonga leo na kesho hakigongi maana yake kuna jambo kwenye gari limebadilika kati ya leo na kesho. Joto, mzigo, abiria, maji, mafuta, upepo wa matairi. Chukua daftari dogo liache kwenye dashibodi. Kila safari ya njia ya vumbi andika: saa ngapi, nani na nani walikuwa ndani na walikaa wapi, mzigo gani, na mshale wa mafuta uko wapi. Mwisho andika imegonga au haijagonga. Usibadilishe hata nati moja kwa sasa.

injinia wa mtaa
Mzee daftari tena, si apeleke tu kwenye mashine ya dayagnosisi.

MzeeWaDifu
Mashine inasoma sensa na kompyuta ya injini. Chuma kinachogonga chuma hakina waya. Na gari ya 1997 hiyo, hata hicho kidogo inachosema unahesabu taa ikipepesa.

Mtu wa Kondoa
Mzee yuko sahihi. Na kingine, chukua simu yako weka irekodi, ifunge na kitambaa ndani ya buti safari moja, nyingine iweke chini ya kiti cha nyuma, nyingine mbele kwenye miguu ya abiria. Njia ile ile. Utalinganisha wapi inasikika karibu. Kuna watu wanamfungia fundi kwenye buti asikilize, hapana, mkipata ajali utaeleza nini polisi.

Spana 14
Simu nzuri, ila sio kufunga chini ya gari nje, nishapoteza simu hivyo. Njia ya Bahi hiyo, mpaka leo sijui iko wapi.

Zabibu_Chungu
Sawa mzee wangu nimenunua daftari. Ntaleta mrejesho.

Mama Noah
Uzi umelala, OP uko hai?

Zabibu_Chungu
Nipo wakuu, samahanini kazi zilibana. Nina mrejesho na nywele zimenisimama.

Joto halihusiani, imegonga saa 12 asubuhi na imegonga saa 8 mchana jua kali. Abiria nilidhani wanahusika maana wife akiwepo mara nyingi ilikuwa kimya, kumbe ni kwa sababu tukitoka wote huwa tunapitia sheli kwanza. Kwenye simu mlio ulisikika zaidi ikiwa chini ya kiti cha nyuma, sio kwenye buti. Alafu ile safu ya mafuta sasa. Mshale ukiwa juu, kimya. Ukiwa robo tatu, kimya, labda mara moja kwenye shimo kubwa sana. Ukishuka chini ya nusu, inagonga. Ukikaribia robo inagonga kila shimo. Hakuna siku hata moja imeenda kinyume.

Na mafundi? Gereji zote ziko mjini, na mimi nikienda mjini huwa najaza kwanza kabla ya foleni ya asubuhi. Yani kila fundi aliipata gari imeshiba. Na zile siku za raha baada ya matengenezo ni kwamba nikitoka gereji najaza naenda shamba.

kibaigwa_kwetu
WEEEEE. Mzee wa Difu njoo uone kazi yako.

dizeli_tu
Ngoja tusishangilie mapema. Tenki likiwa tupu nyuma gari inakuwa nyepesi, shokapu na springi zinafanya kazi tofauti. Inaweza kuwa bado ni bushi ya nyuma ambayo uzito ukiwepo inakaa kimya. Hizo shokapu ulizofungiwa ni za nini, mpya au za mtumba?

MzeeWaDifu
Swali zuri la dizeli_tu na linapimika bila kufungua kitu. Lita moja ya dizeli ni kama gramu 840. Ukitoka tenki kujaa mpaka nusu umepoteza kama lita 40 na kitu, yani kilo 35 hivi. Ndoo mbili za lita 20 zikijaa maji ni kilo 40. Subiri mshale ufike chini ya nusu, gari ianze kugonga, kisha weka hizo ndoo mbili kwenye buti, zifunge vifuniko vizuri, pita njia ile ile. Kama ni uzito tu unaotuliza bushi, ndoo zitaituliza. Kama itaendelea kugonga na ndoo zimo, basi shida sio uzito wa gari, ni tenki lenyewe.

Spana 14
Hii ndo raha ya jukwaa. Fundi wa kijiweni angeshamuuzia difu nzima, lile boksi la gia la ekseli ya nyuma.

Zabibu_Chungu
Ndoo zimo, za maji ya bomba ya DUWASA kabisa, mshale chini ya nusu. Imegonga vile vile. Nikaongeza na mdogo wangu akae kiti cha nyuma, kilo zaidi ya 80 huyo, ikagonga tena akaruka akasema kaka iko hapa chini ya mimi. Nikaenda sheli nikajaza mpaka pomoni, nikarudi njia ile ile. Kimya.

MzeeWaDifu
Sasa nenda kwenye shimo la gereji, lakini ukiwa na mafuta kidogo safari hii. Ingia chini uweke viganja viwili kwenye tenki ulisukume juu. Usitumie jeki wala mbao, mikono tu.

Mtu wa Kondoa
Hapa naomba kuongeza jambo moja na naomba mlichukulie serious. Mkikuta mkanda wa tenki umekatika au kishikizo cha kwenye chesesi kimeliwa na kutu, mtu atawaambia tuchomelee tu hapo hapo haraka haraka. USIKUBALI. Tenki lishuke, litolewe, lipelekwe mbali ndo uchomelee chesesi, na mipira ya mafuta iliyobaki izibwe na kuondolewa jirani na cheche. Watu wanasema dizeli haiwaki kirahisi kama petroli, ni kweli ikiwa ya baridi kwenye ndoo, ila tenki ambalo limebaki na mafuta kidogo ukilipasha moto wa kuchomelea unapika mvuke ndani ya chombo kilichofungwa. Tenki tupu linatisha kuliko lililojaa. Na tenki lenyewe likiwa na tundu usilichomelee kabisa, tafuta lingine la mtumba.

injinia wa mtaa
Hili naunga mkono 100%. Sina utani hapa.

Zabibu_Chungu
Wakuu tumelipata. Ngoja nieleze vizuri maana kuna mtu atakuja kutafuta huu uzi mwaka kesho.

Tumeingia chini mimi na fundi, kijana mmoja mtulivu ambae hakuwahi kuigusa hii gari. Nimesukuma tenki kwa viganja, limepanda juu na kurudi, NGO. Sauti yenyewe. Nilitamani kulia. Tenki linashikiliwa na mikanda ya bati, na kati ya mkanda na tenki kulikuwa na mpira mwembamba wa kuzuia bati lisigusane na bati. Mpira wa mkanda mmoja haupo kabisa, umebaki unga mweusi. Wa pili umekuwa mgumu umepasuka. Juu ya tenki, linapogusana na sakafu, napo kulikuwa na vipande vya mpira, viwili vimedondoka. Na bolti ya mkanda mmoja ilikuwa imelegea, uzi wake umejaa kutu na vumbi lililoganda. Miaka yote hiyo ya njia za makorongo.

Kwahiyo tenki likijaa linakaa kwa uzito wake kwenye mikanda, huwezi kulinyanyua hata ukiwa bondia. Likipungua linakuwa jepesi, gari ikidondoka shimoni linaruka juu linagonga sakafu chini ya kiti cha nyuma.

Tulishusha tenki. Mafuta tuliyanyonya kwenye madumu safi, mipira ya mafuta tukaifunga nailoni ili vumbi lisiingie kwenye njia ya kwenda pampu. Tenki tumeliangalia pande zote, limechunika rangi pale mkanda ulipokuwa unasugua ila halijatoboka, tumepiga brashi ya waya na rangi ya kuzuia kutu. Bolti mpya. Chesesi iko sawa, hatukuchomelea kitu chochote.

dizeli_tu
Safi sana. Nimekubali mzee. Mpira mmeweka upi?

Zabibu_Chungu
Fundi alitaka kukata tairi la lori, lile linapatikana popote. Nikamuuliza mzee kwenye simu akakataa.

MzeeWaDifu
Nilikataa kwa sababu mpira wa tairi ukilowa dizeli unavimba na kulainika, na pale juu ya tenki siku moja mtu atajaza mpaka yamwagike. Nilimwambia atafute mpira wa aina ya kuvumilia mafuta, wauza hosi na sili za mashine wanao wa shiti, wanakukatia. Unene kama ule wa zamani, sio nene kupita kiasi, ukiweka nene mkanda hautafika kwenye bolti, ukilazimisha unakunja tenki.

Zabibu_Chungu
Ndivyo tulivyofanya, nimepata kwenye duka moja Kizota. Gharama yote pamoja na fundi haijafika nusu ya zile shokapu. Nimetembea nayo tangu siku ile, nimeiacha makusudi mpaka taa ya mafuta ikawaka njia ya shamba. Kimya. Spea tairi limerudi mlangoni, watoto wamenuna.

Mama Noah
Hongera jamani. Sasa na mimi nina Noah ile ya zamani SR40, injini chini ya viti vya mbele, asubuhi nikiwasha inalia kama inzi mkubwa kwenye kopo, ikipata moto inanyamaza. Nikiweka D nimekanyaga breki inalia tena kidogo. Naanzia wapi?

Spana 14
Dada hiyo inasikika kama bati la kukinga joto kwenye egzosi, ikiwa baridi bolti iko huru, ikipata moto bati linatanuka linajikaza. Gari ikiwa BADO haijawashwa, ya baridi kabisa, ingia chini uligonge na ngumi kidogo kidogo kuanzia mbele kwenda nyuma, utalisikia likilia. Ukishawasha usiweke mkono. Fungua uzi wako na klipu ya sauti uweke.

Mama Noah
Nafungua kesho asubuhi nikishairekodi. Na daftari nimeshanunua.

kibaigwa_kwetu
Zabibu swali dogo, zile shokapu za nyuma walizotoa walikurudishia? Kama bado ni nzima nazitaka, nina Prado kama yako huku.

Zabibu_Chungu
Ziko stoo mkuu, hazivuji. Njoo PM.